Msasa Katika Sebule ya Magokoro

Mwezi uliopita niliita fundi anirekebishie mlango wa chumba cha kulala, mlango wa zamani ambao vanishi yake ilikuwa imeiva hadi ikawa nyeusi. Alipoanza kuupiga msasa, lile vumbi la manjano likanifuata jikoni nilikokuwa nakaanga vitunguu. Nikazima jiko, nikakaa. Vumbi la vanishi kuukuu lina harufu yake. Lina utamu kidogo, kama asali iliyoungua, na ukali wa dawa ya kikohozi, na chini yake kabisa kuna harufu ya ubao wenyewe unaoanza kupata hewa baada ya miaka mingi. Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye nyumba za bati na madirisha madogo, naamini mnaijua. Mimi niliivuta kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, wakati wa likizo, Ikonge, nyumbani kwa Magokoro.

Magokoro ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko ambao majani chai yanashuka nao hadi mtoni. Ilijengwa na babu, aliyekuwa seremala, na pale sebuleni babu alikuwa amezivisha kuta zote mbao za msaiprasi, kutoka sakafuni hadi darini, ubao ukishikana na ubao bila nafasi ya kupitisha wembe, kisha akazipaka vanishi. Mimi sikumkuta babu. Nilimjua kwa mbao zake. Wageni walipoingia walizipapasa kwanza ndipo wakae, wakasema, "Hii sasa ndiyo kazi," na mimi nikajiona mjukuu wa mtu mkubwa.

Lakini vanishi huzeeka. Miaka ya moshi wa koroboi na jiko la makaa ilikuwa imezifanya kuta zile kuwa na rangi ya kahawa iliyokolea, halafu karibu nyeusi. Ukitoka nje mchana na kuingia mle, ulisimama kwanza mlangoni ukingoja macho yako yakufikie. Kwetu sisi watoto huo ulikuwa mchezo. Kwa Magokoro, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, haukuwa mchezo. Wiki ya kwanza ya likizo ile nilimkuta sebuleni akisalimia koti la Baba Mdogo lililotundikwa nyuma ya mlango. Aliliuliza habari za mke, akaliuliza habari za watoto, akasubiri jibu. Nilipocheka aligeuka, akanyoosha mkono akaligusa, akajua. Hakucheka. Alikaa chini, kisha akasema, "Nataka chumba hiki kipakwe rangi nyeupe."

Baba Mdogo, ndugu mdogo wa baba yangu, aliishi ng'ambo ya ua na alikuwa mzee wa kanisa. Randa ya babu aliitunza kabatini, imefungwa kwa kitambaa kama Biblia. Aliposikia habari ya rangi alikuja na viatu vya matope hadi ndani.

"Mama, mbao za Baba zipakwe rangi kama choo cha shule?"

"Zipakwe."

"Watu watasema tumemfuta."

"Watasema wakiwa wapi? Mimi nikiwa humu siwaoni."

Baba Mdogo alitoka bila kunywa chai, na kwetu mtu akitoka bila kunywa chai mnajua mambo hayajaisha.

Aliyetafuta fundi ni mama yangu, aliyekuwa na kibanda cha nguo Mosocho. Alikuwa ameona duka la jirani yake likipakwa rangi vizuri, akauliza nani kafanya, na ndivyo siku ya Jumanne pikipiki ilivyopanda mteremko wetu ikiwa imembeba mwanamke mrefu mwenye ndoo mapajani. Alivaa ovaroli. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke ndani ya ovaroli, na nilisimama nikimtazama mpaka akaniuliza kama nimemeza ulimi. Jina lake lilikuwa Mama Achieng'. Kwao ni kule ziwani, lakini alikuwa amepanga chumba Nyanchwa, na mkataba wake na mama ulikuwa kwamba atalala kwetu hadi kazi iishe.

Yeye hakujua Ekegusii, lugha yetu, hata neno. Magokoro alijua Kiswahili cha sokoni, cha "leta" na "punguza". Kwa hiyo mimi, Kerubo wa darasa la nne, niliyepata alama nzuri za insha, nikawa mkalimani wa nyumba nzima.

Nilidhani fundi wa rangi huja na kupaka. Mama Achieng' alitoa viti, akatoa vitambaa, akatundua kalenda na picha ya harusi, akafungua madirisha, kisha akasimama katikati ya chumba kitupu akiwa ameshika tochi. Hakushika brashi siku hiyo, wala ya pili, wala ya tatu. Aliukaribia ukuta, akalaza mwanga wa tochi ubavuni mwa mbao, akautembeza polepole. Nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona maisha yangu yote mle ndani: mbao zilikuwa na alama za mviringo, nyeusi katikati, zenye miduara mingine kuzizunguka. Zilikuwa nyingi. Zilikuwa kila mahali.

"Unaona hii macho?" aliniambia. "Mwambie nyanya, hii macho isipozibwa italia. Nitapaka rangi leo, na kesho utaona machozi ya manjano inatoka juu ya rangi. Lazima niyazibe kwanza."

Sasa ninajua alikuwa anasema nini. Ubao wa msaiprasi una utomvu kwenye vifundo vyake, na usipoviziba kwa dawa, utomvu hupenya hata kwenye mikono mitatu ya rangi, yaani rangi iliyopakwa mara tatu. Wakati ule nilijua maneno tu. Nikamgeukia Magokoro nikamwambia kwa Ekegusii, kwa sauti ya heshima, "Anasema macho yatalia yasipofumbwa. Atayafumba mwenyewe kwanza."

Magokoro akasema, taratibu, "Mwambie yangu yalishalia, yakamaliza. Asijisumbue."

Nikamwambia Mama Achieng', "Anasema yameshalia yakaisha."

Mama Achieng' alishika kiuno. "Imeisha aje? Hizi hazijaisha hata kidogo! Hizi zitalia hata miaka ishirini!"

Nilipolipeleka jibu hilo, Magokoro alimtazama yule mgeni, au alitazama pale sauti ilipokuwa, kwa namna ambayo sikuielewa, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Wewe fundi, kula kwanza." Akampelekea ndizi za kupikwa, sahani iliyojaa.

Mimi nilibaki na yangu. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba ukuta una macho, kwamba macho hayo hulia, na kwamba mwanamke wa ovaroli amekuja kuyafumba. Usiku ule nililala nikiwa nimeupa ukuta mgongo.

Kazi ilianza kwa maji. Mama Achieng' alichemsha maji, akatia sabuni ya unga, akaanza kuosha mbao kutoka chini kwenda juu, akinieleza kwamba ukianzia juu, maji machafu yatachora michirizi ambayo hutaitoa. Aliniruhusu nishike kitambaa. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama ya kuosha sufuria. Ya pili yalitoka rangi ya chai. Tulibadilisha ndoo mara kumi na mbili, nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namwaga kwenye migomba. Alipopangusa kwa maji safi na kufungua mlango, mbao zilikuwa zimerudi kuwa nyekundu-nyekundu, na ziling'aa kama mgongo wa ng'ombe aliyenyeshewa. Hata Baba Mdogo, aliyepita kwa kisingizio cha kutafuta panga, alisimama mlangoni.

"Si mnaona?" alisema. "Zilikuwa zinataka kuoshwa tu. Muache hapo."

Mama Achieng' hakuhitaji mkalimani kuelewa. Alimwomba aingie, akadondosha tone la rangi kwenye ubao, akalipuliza likauka kidogo, kisha akalikwaruza kwa ukucha. Likabanduka zima kama gamba. "Inang'aa, ni kweli," alisema. "Lakini kitu ikishang'aa haishiki rangi. Nyanya ameomba rangi. Kazi yangu ni kuua mng'ao."

Baba Mdogo alielewa Kiswahili vizuri kuliko wote. Niliona taya lake likikaza aliposikia neno "kuua".

Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku za msasa. Alikunja karatasi ya msasa kwenye kipande cha ubao, akasugua kwa kufuata mistari ya mti, kamwe si kwa kuikata, na mikono yake mirefu ilikwenda na kurudi bila haraka. Vumbi lilisimama hewani, jua la dirishani likapita ndani yake, na yeye akawa katikati ya lile jua, nywele, nyusi na kope zote za manjano. Nilikuwa nimewaona watu wakiomba, na nilikuwa nimewaona watu wakicheza kandanda, lakini sikuwa nimemwona mtu akiwa ndani ya kazi namna ile. Nyuma yake mbao zilibaki butu, zimefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana alifika kwenye ukuta wa upande wa chumba cha kulala, mahali kalenda ilipokuwa. Kalenda kwetu ilitundikwa hapo hapo kila mwaka, kwenye msumari ule ule. Alisugua juu, akasugua chini. Kisha akasimama. Akapangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, akachukua tochi, akalaza mwanga.

"Kerubo," alisema kwa sauti ndogo. "Kuja uone."

Katikati ya ubao butu kulikuwa na mkono unaong'aa.

Haukuwa umechorwa. Ulikuwa mkono kamili, kiganja na vidole vitano, vimetanuka kama vya mtu anayesukuma mlango. Kila mahali mng'ao ulikuwa umekufa. Pale tu ulikuwa hai, ukimeremeta kwa mwanga wa tochi, na ndani yake uliweza kuona hata mistari ya kiganja. Kidole cha mwisho kilipinda kando, kikajitenga na wenzake. Ukuta uliokuwa na macho sasa ulikuwa umetoa mkono.

Nilikimbia hadi kwenye shamba la chai, nikipiga kelele kwamba babu amerudi.

Mama Achieng' alijaribu kueleza. Mtu aliugusa ukuta vanishi ikiwa haijakauka, alisema. Mkono ukazama kidogo, na msasa ukipita juu haufiki kwenye bonde. Yalikuwa maelezo mazuri na hakuna aliyeyasikiliza. Baba Mdogo alikuja, akasimama mbele ya ule mkono, akavua kofia.

"Ni wa Baba," alisema. "Hakuna aliyegusa mbao hizi vanishi ikiwa mbichi ila yeye." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kisha akamgeukia fundi. "Kazi imesimama. Unaona mwenyewe amekataa."

Na hata kama Mama Achieng' angetaka kubisha, jua lilikuwa linashuka na Sabato inaingia, na kwetu Jumamosi haifanywi kazi. Mama Achieng' aliosha mikono, akaikunja ovaroli yake, akaniambia nimwambie Magokoro kwamba atarudi Jumatatu baada ya kanisa lake la Jumapili, aamue yeye mwenye nyumba. Magokoro alikuwa ameketi kwenye kigoda barazani. Alikuwa ameelezwa kila kitu, na watu watatu walikuwa wamejaribu kumvuta akaone. Alikataa. "Nitauonaje," alisema, "na siwaoni nyinyi?"

Sabato ile sitaisahau. Baada ya ibada nusu ya kanisa ilipanda mteremko wetu. Waliingia sebuleni wawili wawili, bila viatu, kwenye chumba kisicho na kiti hata kimoja. Wanaume waliomjua babu waliupima ule mkono kwa macho, wakasema ndiyo, ni yeye, alikuwa na kiganja kipana. Mama mmoja alilia. Mwingine alikumbuka kwamba babu ndiye aliyemtengenezea kitanda cha harusi na hakikuwahi kulia hata siku moja, na watu wakacheka, kisha wakaona haya kwa kucheka, kisha wakacheka tena. Baba Mdogo aliomba sala ndefu. Mimi nilisimama karibu na mkono kama askari, nikiwaambia watoto wengine wasiuguse. Nilijua kwamba nimeuona muujiza, tena wa kwetu.

Magokoro alisikiliza yote kutoka kwenye kigoda chake. Kila aliyemsifu mumewe alimwitikia, "Ee. Alikuwa hivyo."

Jumatatu asubuhi Mama Achieng' alirudi. Baba Mdogo alikuwa tayari amefika, amesimama mbele ya ukuta na mikono nyuma. Magokoro aliinuka, akanishika bega, akasema, "Nipeleke."

Nilimwongoza hadi pale. Nilimchukua mkono wake wa kulia ili niupeleke kwenye ule wa ukutani, aupapase. Akaurudisha. Akainua wa kushoto. Hakuhitaji kupapasa. Aliuweka mara moja, kama mtu anayeweka mkono kwenye kitasa cha mlango wake mwenyewe, na ukaingia. Kiganja kwenye kiganja, kidole kwenye kidole, na kidole chake cha mwisho, kile kilichovunjika akiwa msichana na kupona vibaya, kikalala kwenye kile kilichopinda.

Nje jogoo aliwika, nami nakumbuka niliona aibu kwa niaba ya jogoo.

"Ni wangu," alisema Magokoro.

Baba Mdogo alimgeukia. "Mama, siku zote hizi? Tangu Ijumaa?"

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnamsifu vizuri, nikawaacha. Tangu tumzike sijasikia watu wakimsifu hivyo."

Kisha alieleza, mkono ukiwa bado ukutani, nami nikamtafsiria Mama Achieng' neno kwa neno, na safari hii sikukosea. Babu alikuwa amepaka vanishi asubuhi, akaonya kwamba yeyote asiingie siku mbili, akaenda kutafuta misumari. Magokoro alikuwa na mimba. Wakati haukuwa umefika, au walidhani haujafika. Alikuwa chumbani uchungu ulipomshika ghafla, na njia ya kutokea ilikuwa moja, kupitia sebuleni. Alifika katikati ya ukuta, magoti yakakataa, akashika alichokipata. Alikaa hapo, alisema, hata hajui muda gani, ameushikilia ukuta na ukuta umemshikilia. Mtoto alizaliwa kwenye sakafu ile, miguuni pa ubao ule, kabla jirani hajafika.

"Babu yake Kerubo aliporudi aliona mkono kabla hajamwona mtoto," alisema. "Nikadhani atagomba. Alisema ubao ule hataugusa tena. Mikono mingine ya vanishi alipaka kila mahali, hapo akapaka kuzunguka. Halafu akapigilia msumari, akatundika kalenda, kwa sababu mimi niliona haya wageni wasiulize."

"Mtoto yupi?" aliuliza Baba Mdogo, ingawa uso wake ulionyesha amekwisha kujua.

"Ni nani mwingine katika nyumba hii asiyeweza kungoja?"

Mama Achieng' alipomaliza kusikia tafsiri yangu alijifuta macho kwa kiganja, vumbi likamchora shavuni. Aliniambia nimwambie nyanya kwamba ubao huo unaweza kuachwa. Angepaka kuta zote na kuuzungushia ule mmoja tepu, ukabaki ulivyo, kama picha.

Nilitafsiri. Nilitamani sana akubali. Magokoro alifikiri, akauondoa mkono ukutani.

"Hapana," alisema. "Nilishika ukuta ili mtoto atoke. Alitoka. Nataka kuona watu sasa." Akanyoosha kiganja kwa Mama Achieng', akasema kwa Kiswahili, "Leta."

Mama Achieng' alimpa msasa. Magokoro alisugua mwenyewe, kwa kufuata mistari ya mti, kwa sababu alikuwa mke wa seremala na hakuhitaji kufundishwa. Kidole gumba kikafifia, kisha cha pili. Mkono wake ulipochoka alimgeukia mwanawe, akampa ile karatasi.

"Malizia. Wewe ndiye uliyeuleta."

Baba Mdogo alipiga magoti na suruali yake nzuri. Alisugua kile kiganja polepole sana, na alipofika kwenye kidole kilichopinda alisimama, akakigusa, kisha akaendelea. Alipomaliza, Mama Achieng' alilaza tochi. Ubao ulikuwa butu wote.

Kazi iliyobaki ilikwenda haraka. Matundu ya misumari yalijazwa puti. Macho yalizibwa moja moja kwa dawa ya rangi ya chai iliyonuka spiriti, na Baba Mdogo ndiye aliyeshika mkebe. Ukaja mkono wa kwanza wa rangi, mwembamba, wa kutisha, ambao ulifanya chumba kionekane kama kinaumwa. Kisha wa pili, kisha wa tatu, rangi ya maziwa isiyong'aa, kwa sababu Mama Achieng' alisema nyeupe kali ingemuumiza Magokoro. Hakuna jicho hata moja lililolia.

Siku rangi ilipokauka tulirudisha viti. Magokoro aliingia asubuhi, mlango na madirisha vikiwa wazi, akasimama katikati. Mwanga ulikuwa umejaa mle ndani kama maji kwenye mtungi. Alitazama kuta. Akatazama mikono yake, mbele na nyuma. Kisha akatuita tuje mmoja mmoja, tusimame mbele yake karibu, na kila mmoja alimshika kidevu akamgeuza huku na huku, kama mtu anayechagua kitu sokoni. Nilipofika mimi alisema nina paji la uso la mama yangu, na kwamba nioshe shingo.

Wa mwisho alikuwa Baba Mdogo. Aliinama ili amfikie. Magokoro alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu kuliko alivyotutazama sisi wote, vidole vyake vikipita kwenye nywele zake juu ya masikio.

"Hizi mvi," alimwuliza, "umeanza kuwa nazo lini?"

"Zamani, Mama," alisema Baba Mdogo. "Zamani sana."